Jani la Sale Wodini

Hospitalini, Dar es Salaam

Mama Ndeshi, mke wangu mpendwa,

Hamjambo huko Nkoaranga? Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii, na Mama ameacha kukohoa? Mimi ni mzima, ila nimepungukiwa figo moja, na sijawahi kupungukiwa kitu nikafurahi namna hii.

Elisante amekojoa! Juzi simu ilikatika nilipofika hapo, kwa hiyo acha nieleze taratibu.

Watu wa kwetu wanadhani daktari hung'oa figo mbovu na kuweka nzima mahali pake. Sivyo. Zile za zamani huachwa mgongoni, na mpya hupachikwa mbele, chini ya tumbo, kama tunavyoacha shina kuukuu la mgomba tukapanda chipukizi kando yake. Kisha watu wote husubiri mkojo. Mdogo wangu alikuwa hajapata hata kikombe kimoja kwa siku tangu aanze kusafishwa damu kwa mashine. Basi nesi akaja kitandani kwangu mbio: "Babu, mdogo wako anajaza mfuko!" Nililia, mke wangu. Mtu mzima na mvi zangu, nalilia mkojo.

Lakini siku mbili kabla ya upasuaji, nusura yote yaharibike. Elisante alimwambia daktari kwamba hataki tena. Nikaenda kumwona.

"Kaka," akasema, "siku ya ugomvi wa mpaka niliapa mbele ya ukoo kuwa sitapokea kitu kutoka mkononi mwako. Nikipokea, nife. Mama amenisukuma mpaka huku, lakini kiapo ni kiapo."

Nikaanza kumweleza jinsi figo inavyochuja damu.

"Mwalimu, umeanza," akasema, akageukia ukutani.

Hapo nikakumbuka lile jani la sale ulilolifunga kwenye kanga mbichi na kunitilia mkobani bila kusema neno. Nikarudi nalo, bado kijani. Nesi akanisimamisha mlangoni: "Babu, mboga haziruhusiwi wodini."

"Binti yangu, hii si mboga. Kwetu ndiyo namna ya kuomba msamaha."

Akanitazama, akalifuta kwa dawa, akanipisha.

Nikalishika kwa mikono miwili, mimi kaka mkubwa, nikasema jambo nililokuficha hata wewe. Wiki ile tuliyomzika Baba, ni mimi niliyeng'oa masale ya mpaka na kuyapanda tena hatua tatu ndani ya shamba la Elisante. Miaka yote hii nimemwacha aitwe mwongo.

Akageuka kutoka ukutani, akalitazama. Unajua sale halikataliwi, lakini nilimwona akitamani kulikataa. Mwishowe akalipokea, akaliweka chini ya mto. "Haya," akasema. "Nimeshapokea kitu mkononi mwako, na sijafa. Mwite daktari."

Leo ni siku ya tisa tangu tupasuliwe. Atakunywa dawa maisha yake yote, ili mwili usimfukuze mgeni wake, na madaktari wanasema tusijisahau. Jana niliruhusiwa kumwona nikiwa na barakoa. Amenona usoni! Akanipungia mkono, akasema, "Kaka, figo nimepata. Sasa hatua zangu tatu?" Nikacheka mpaka nikashika mshono.

Mpe Mama shikamoo yangu, umwambie wanawe wote wawili wanakula. Msalimie shemeji yangu, mke wa Elisante, na binti yetu Ndeshi, na mchungaji aliyetuombea.

Kisha waite wazee wa ukoo, uwasomee barua hii yote, pale penye mpaka. Wachimbe mashimo mahali pa zamani, alipopanda Baba. Masale yenyewe wasiyaguse. Nitayapanda mimi, nikiruhusiwa kuinama.

Ni mimi mumeo, mwenye figo moja na moyo mwepesi,
Baba Ndeshi