Saa Ishirini na Moja za Leanne

Darryl. Nimetoka ofisi ya leseni sasa hivi. Nakupigia nikiwa garini.

Wamezikata saa za Leanne. Zote ishirini na moja!

Unajua wanataka mtoto aendeshe gari saa mia na ishirini na mtu mzima pembeni ndipo apewe mtihani. Tahlia wangu anazo. Tisini na tisa na mimi, zilizobaki na mama yake, Leanne, kabla hajalazwa hospitali. Kukwepa kangaruu jioni alifundishwa na Leanne, si mimi.

Binti wa dirishani anafunua daftari la saa zake, ananiambia, "Mzee, kurasa hizi hazina sahihi. Aliyemsimamia aje asaini."

Nikamwambia, "Yuko makaburini tangu Machi. Nenda kamwite."

Tahlia anatazama viatu vyake.

Unajua alinijibu nini? "Pole, mzee. Lakini msihofu, mchukulieni mwalimu wa kulipwa. Saa moja yake inahesabiwa tatu. Saa saba tu, mmemaliza."

Saba tu, Darryl. Saba tu!

Saa ya mgeni mwenye tai ni tatu, saa ya mama mgonjwa ni sifuri. Wakubwa waliotunga hiyo sheria hata kumfundisha mtoto wao hawajui.

Nikanyakua kalamu pale pale dirishani nisaini jina la Leanne mwenyewe. Nilishaandika herufi ya kwanza.

Tahlia akanishika mkono. "Baba, acha. Mama haandiki hivyo."