Nimeombeshwa Radhi kwa Sababu ya Ng'ombe

Bweni la Wanafunzi, Chumba Na. 14,
Chuo cha Mifugo.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na usiniandikie tena kwamba haujambo, maana mkaza mjomba ameshanieleza kuwa wiki nzima umefungua bucha ukiwa umepinda kama kulabu ya nyama. Bibi anakula? Mimi mwili ni mzima, ila roho imechoka, imechoka kabisa.

Uliuliza nimeshajifunza nini huku ugenini. Mjomba, kwa majuma matatu nimejifunza kukaa. Tumekuja wanafunzi kumi na wawili kusomea ufugaji na nyama, na kila siku tunakalishwa mbele ya ukuta tunaonyeshwa picha za ng'ombe. Ng'ombe wenyewe wako ng'ambo ya uzio, nawasikia wakilia, nami naandika kwamba ng'ombe ana matumbo manne, utadhani sikuyaosha yote manne tangu nilipokuwa darasa la tano!

Mwalimu aliyetuleta kutoka nyumbani tumembandika jina la Bwana Ratiba. Karatasi yake haimtoki kifuani. Ukiuliza swali anaitazama: "Maswali ni saa nane na nusu." Ikifika saa nane na nusu, tunaitwa kupiga picha ya pamoja. Picha tumepiga, tena nyingi. Tumevaa makoti meupe na kofia za nailoni, meno yote nje, na hatujagusa hata mkia.

Sasa Jumatano ndiyo yakatokea ya kutokea.

Tulipelekwa machinjioni, tukatazame kazi kutoka ghorofani, nyuma ya kioo. Kabla ya kupanda tulipita kwenye zizi wanakosubirishwa ng'ombe. Mmoja wa kahawia alikuwa amejitenga, mgongo ameukunja, miguu ya mbele ameitanua, hacheui. Kila alipojaribu kuhama alitoa mguno mfupi, kama mtu anayenyanyua gunia.

Nikamwambia Bwana Ratiba, "Mwalimu, yule anaumwa."

"Daktari wao ameshapita asubuhi. Panda ngazi, unatuchelewesha."

"Basi tumwambie apite tena."

"Sisi ni wageni hapa. Panda!"

Nikapanda ngazi tatu, nikashuka. Mlango wa kwenda kwa daktari ulikuwa na maandishi makubwa mekundu ambayo, nisikudanganye, niliyasoma, nikayaelewa, nikausukuma. King'ora kikalia. Minyororo iliyobeba nyama ikasimama, na watu kama arobaini wenye visu wakageuka kunitazama, kofia imeniteremka hadi machoni.

Daktari ni mama wa makamo mwenye sauti nzito. Alinijia juu: "Nani kakuruhusu kuingia hapa?" Lugha yao bado naibabaisha, na pale maneno yote yakanitoroka. "Kahawia," nikasema. "Pembeni. Tumbo." Nilipoona haelewi, nikaukunja mgongo wangu mwenyewe, nikatanua viwiko, nikaguna. Watu wote wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alivua glavu, akaenda.

Kipimajoto kilisoma nyuzi arobaini na moja. Ng'ombe akatengwa. Alasiri alipopasuliwa wakakuta waya wa urefu wa kidole umetoboa tumbo la pili, unaelekea moyoni, na usaha umejaa hadi kifuani. Nyama yote ikateketezwa.

Unadhani nilishukuriwa? Bwana Ratiba alitukusanya kabla ya chakula akanisomea makosa yangu mbele ya wenzangu. Nimeaibisha chuo, nimeaibisha nchi, na nisipoandika barua ya kuomba radhi, Jumamosi napandishwa ndege. Nikaandika: naomba radhi kwa kupita mlango usio wangu. Akairudisha. Eti sijaomba radhi kwa habari ya ng'ombe. Nikamwambia hiyo siandiki. Tukavutana siku mbili, barua inakwenda, barua inarudi. Nililia chooni, Mjomba, na hayakuwa machozi ya huzuni. Ningekuwa na kitu cha kupiga teke ningekipiga.

Ijumaa mchana daktari akaja mwenyewe chuoni na mabuti yake yana matope. "Yuko wapi yule anayeguna?" Akamweleza Bwana Ratiba kwamba asubuhi ile yeye ndiye aliyempita yule ng'ombe bila kumwona, kosa ni lake na ameshaliandikia taarifa. Kisha akasema ananitaka zizini kila alfajiri mpaka siku yetu ya kuondoka. Bwana Ratiba aliitazama ratiba yake weee, mwisho akachomoa kalamu akaongeza mstari.

Nimeanza jana. Tukiwa njiani daktari akaniuliza nilijuaje. Nikasema niliwahi kumwona wa namna ile kwa mjomba wangu. Akauliza, "Mlimfanyaje?" Nikajifanya sikuelewa lugha.

Unamkumbuka, Mjomba. Yule mwekundu. Alikuwa akiguna hivyo hivyo siku mbili nzima, ukasema tumuwahi kabla hajatufia. Waya ulinionyesha wewe mwenyewe, ukiwa umeufuta kwa kitambaa. Ulikata palipooza ukatupa, na nyama iliyobaki iliuzwa ikaisha kabla ya adhuhuri. Mimi ndiye niliyekuwa nafunga kwenye magazeti. Jirani zetu wote walichukua. Mwezi huu nimekasirikia watu wengi, na wewe umo. Na mimi mwenyewe nimo.

Nikirudi, ng'ombe anayeguna haingii buchani kwetu mpaka daktari amwone. Najua utanuna. Tafadhali anza kununa sasa hivi, ili nikifika uwe umemaliza.

Nisalimie Bibi, mkaza mjomba, kaka mkubwa na wanawe, pia fundi wa kusaga nyama. Mungu awatunze nyote, na awape afya wote wanaokula kutoka mikononi mwetu.

Wako akupendaye, hasira na yote,
Mpwa wako,
Kidomo.