Mvua ya Mbeya Mwezi wa Julai

Jumatatu, 14 Julai 2025
Madamu Restuta ametupa kazi ya Jiografia: kulinganisha joto na mvua za miji miwili. Wenzangu wengi wamechagua Dar. Mimi nimechukua kwetu Kilwa na Mbeya, maana baba anafanya kazi Mbeya, na mvua zikikatika atakuja kunichukua nikasome huko. Anasema barabara ni matope matupu. Nimemkumbusha mama sweta. Kasema tusinunue mapema.

Jumatano, 16 Julai
Nimechora. Safu za mvua, juu yake mstari wa joto. Wa Kilwa haushuki sana. Mbeya, Julai ni baridi kuliko miezi yote — na safu ya mvua haipo. Haipo kabisa! Kuanzia Juni hadi Septemba karatasi nyeupe. Nikadhani nimenakili vibaya. Madamu kaangalia, kasema nimepatia, huko mvua huisha Mei. Fauzia akaniuliza sasa baba yangu analowa na mvua gani, ya bomba? Darasa likacheka. Na mimi nikacheka.

Ijumaa, 18 Julai
Labda mwaka huu mvua zimechelewa kukatika. Madamu mwenyewe alisema grafu ni wastani wa miaka mingi. Nimeandika hivyo pembeni, kwa penseli.

Jumamosi, 19 Julai
Baba kapiga. Shikamoo, marahaba, mvua bado hazijakatika, nivumilie. Nikamuuliza baridi. Kasema baridi gani mwanangu, huku joto, analala kifua wazi.
Kifua wazi. Mbeya. Julai!
Nimefuta yale ya penseli.

Jumapili, 20 Julai
Mama alikuwa anakuna nazi. Nikamwekea grafu mbele, nikamweleza mwezi baada ya mwezi, kama tulivyofundishwa. Hakushangaa. Hata kukuna hakuacha.
"Baba yako yuko Kiswere, Ziada. Ameoa."
Kiswere! Hapo tu, njia ya Lindi. Mvua yao ndiyo yetu.
Mama anajua tangu Ramadhani. Kumbe ndiyo maana sweta hakununua — na mimi nilimwona bahili. Nikamuuliza kwa nini aliniacha nisubiri. Kasema alitaka baba aniambie kwa mdomo wake.
Simu iko mkekani. Imeita, ikakatika. Sasa inaita tena, ni baba. Mama anafuta mikono kwenye kanga. Kasema nipokee, nimwamkie vizuri, ila nisimuulize mvua.