Kable za Kanisa la Vulamba

Butembo, Vulamba

Papa yangu mupenzi,

Barua hii ikukute ku kiti yako mbele ya mulango, na mikono yako isitetemeke sana. Mama, miguu inamuuma bado? Na udongo nyuma ya jikoni, mvua iliuacha, ao uliteremuka tena? Niandikie yote, hapana kunificha kama ulivyonificha ugonjwa wako wa mwaka uliopita. Hapa kwetu tunaishi. Bwana yangu Kambale anaendaka kila asubui ku shamba yao kule Vuhovi, na kila magaribi nasimama ku njia mpaka nione kofia yake inakuya. Batoto banasoma. Ansima amekuwa murefu, anakufanana paji la uso.

Nilikawia kukuandikia juu sikujua nianzie wapi. Ku telefone ningelia, na wewe ungekata ukizania ni rezo ya telefone inasumbua. Kuna kitu kilitupata mu kanisa yetu. Nakuambia wewe juu ni wewe ulinifundisha hii kazi, mu atelie yako kule Kadutu, Bukavu, wakati batu balikuwa banakuuliza sababu gani unamupa binti fer ya sudure, kile chuma cha moto cha kuunganisha waya.

Unajua kama mimi njo nashugulikia sauti ya kanisa: mashini, bafle mbili kubwa za kutoa sauti, na mikro za kwaya. Tangu batu ba upande wa Eringeti bakimbie masasi ya waasi na kufika hapa, kanisa inajaa mpaka inje. Baliacha kakao yao mu mashamba, bakapita Beni kwa miguu, bengine bakabaki kule, bengine bakafika mpaka kwetu. Banalala mu madarasa ya masomo ya kanisa. Kwa hiyo franga ya kanisa inaenda ku unga na maharagi, na hakuna mutu wa kubisha. Wakati kable za mikro zilikufa, komite ilinunua zile za soko, za bei ya chini kabisa. Nilizishika tu mu mukono nikajua. Inje ni munene, ndani waya ni kama nywele, na fishi, kile kichwa cha kuchomeka, ni ya plastiki, haifunguke. Ikiharibika ni kutupa.

Nilimuambia pasta, "Hizi hazitakawia, pasta."

Akanijibu pole, "Mama Ansima, najua. Lakini tufanye namna gani? Tuchague kable, ao sahani?"

Nikazichukua, nikazifunga ku mikro.

Ile siku ya Mungu kwaya ilikuwa inaimba. Mwimbaji mumoja akasogea nyuma, muguu wake ukavuta kable. Ndani, waya ikakatika na kugusana, kukatika na kugusana. Ile mikro ya kwaya wewe unaijua, mashini njo inailisha moto mudogo wa umeme; moto ule ukikatika gafla, bafle inapiga. Ikapiga: pa. Kisha pa, pa-pa-pa.

Mimi nilijua ni kable. Nilizima mashini palepale. Lakini kwa mutu wa Eringeti ile sauti iko na maana moja tu. Mwanaume mumoja mu katikati ya kanisa alisimama. Hakulia kwa nguvu, Papa. Alisema tu, "Bamefika."

Kanisa yote ikasimama. Bamama balivuta batoto kwa nguo, kwa mukono, kwa fasi yoyote. Mabenchi zilianguka. Bengine balipita mu madirisha. Nilikamata mikro nikasema, "Ni kable, mukae, ni kable tu." Nilisema mara mingi. Kisha nikakumbuka kama nimezima kila kitu. Hakuna mwenye alinisikia.

Wakati batu balipunguka, tulimukuta koko Masika ku ngazi za mulango. Ni bibi muzee wa Eringeti, alifika hapa na binti yake Kahambu. Batu balimupita juu. Kahambu alikuwa amepiga magoti, anamufunika mapaja na kitenge chake, na anamusemesha mu Kinande, luga yao, taratibu, kama mutu anayebembeleza mutoto. Koko alikuwa na macho wazi. Ku kituo cha afya balisema mufupa wa kiuno ulivunjika, na damu inavuja ndani.

Pasta alisema hakuna mwenye kosa. Lakini ku kisima nilisikia maneno ingine. "Ule mwanamuke wa Bukavu, na mashini yake." Balipoona niko nyuma yao, balinipisha niteke maji mbele yao. Ile heshima iliniumiza kuliko matusi.

Sikuweza kukaa. Nilitafuta kable Butembo yote. Mu maduka zile kubwa ziko, nzuri, zenye zimetengenezwa tayari, lakini bei yake ni ya orkestre ya Kinshasa, hapana ya kanisa yenye inalisha batu. Njo fundi mumoja wa radio aliniambia kuna Kakule kule Beni, alifunga bar yake, anauzisha bitu ya muziki. Kambale hakupenda nifanye ile njia. Mwishowe akasema, "Enda asubui, rudi jua likiwa juu." Nikaenda.

Huyo Kakule alinitolea kable mu gunia. Nilifanya kama ulivyonifundisha. Nilifungua fishi: ya chuma, na skurubu yenye inabana kable vizuri. Nikakwaruza waya na wembe: nyekundu mpaka ndani, si ile ya kupaka rangi. Kuzunguka waya kulikuwa wavu wa shaba, umesukwa kama kikapo. Nikatandika kable chini, ikalala yenyewe bila kujikunja.

Kakule alikuwa ananiangalia. "Hizo ziliimbiwa miaka na miaka," akasema. "Bia ilizimwangikia, batu balicheza juu yazo. Hazijakatika."

"Na unaziuza?"

"Nani ataimba, mama? Hapa jua likishuka kila mutu anafunga mulango." Akaingia ndani, akatoka na rulo nzima ya kable, yenye haijaguswa bado. "Hii nilileta kutoka Kampala wakati nilizania vita inaisha. Chukua. Fishi ziko mu karto."

Kununua rulo peke na fishi peke ni bei ya chini sana kuliko kable za tayari, juu kazi ya kuziunganisha ni yangu. Nililipa, nikarudi nimeifunga ku mugongo na kitenge, kama mutoto. Ku barriere ya njia soda mumoja, askari, alinifungulisha, akaiangalia, akaniuliza ni ya kutega nini. Nikamuambia ni ya kuimbia. Alicheka kidogo, akaniacha.

Nilifika Vulamba, nikasikia bilio kabla ya kufika nyumbani. Koko alikuwa amekufa.

Papa, alikimbia wale wenye kuchinja batu, akatembea mu pori na miguu ile ya uzee, akafika fasi yenye iko na amani, akaanguka ku mulango wa nyumba ya Mungu.

Nilipiga sudure muchana ule wote. Mikono iliendelea kufanya kazi hata wakati macho haikuona. Pasta aliniomba niweke sauti ku maziko, juu batu bangekuwa bengi. Nilifika mapema na mashini. Kahambu akakuya mbele yangu. Hakuwa na hasira.

"Mama Ansima, hapana kuweka. Naomba."

"Ni mupya," nikamuambia. "Nilizitengeneza mimi."

"Nasikia. Lakini hapana leo."

Nikakunja kable. Kahambu alisimama karibu na shimo, akasema maisha ya mama yake na mudomo tu. Sauti yake ni ndogo, na batu balijaa mpaka ku barabara. Wale ba mbele balisikia, bakageuka, bakawaambia ba nyuma yao: alizaliwa Eringeti. Ba nyuma bakageuka pia: alizaliwa Eringeti. Alizika bwana yake na batoto babili. Alizika bwana yake na batoto babili. Kahambu alikuwa anangojea neno lifike mwisho, kisha anasema lingine. Mimi nilikuwa karibu na barabara. Kila neno nililipokea, nikalipitisha.

Baada ya maziko Kahambu alinikuta mu jikoni ya pasta, naosha masahani. Akasimama karibu yangu, akakamata kitambaa, akaanza kupanguza.

"Mama alikuwa na masikio ya kuchoka," akasema. "Njo maana kila siku ya Mungu alikaa chini ya bafle. Alisema ku fasi ile tu ndiyo anasikiaka Neno."

Nikamupa sahani ingine. Akaipanguza.

Siku ya Mungu iliyofuata nilifunga zile kable mupya. Nilipandisha sauti kidogo kidogo, kama mutu anayepita mu nyumba yenye mugonjwa. Hakuna kitu kilipiga. Lakini batu balikaa mbali, mabenchi ya karibu na bafle zilibaki bule bila mutu, na kila mara mutu akikohoa ku mikro niliona mabega inashituka. Kwaya ilikuwa tayari inaimba wakati Kahambu aliingia. Alipita katikati ya batu bote, akaenda kukaa chini ya bafle, yeye peke yake ku benchi nzima. Alishituka pia. Niliona. Hakusimama.

Unisalimie bote: Mama, mama mukubwa Nsimire mwenye anauzisha sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, ndugu yangu Cito, fundi wa viatu, na shangazi, mwenye aliniombea wakati nilitoka Bukavu. Kambale anakusalimia na heshima, Ansima anaomba picha yako. Mukikusanyika kuomba jioni, mumutaje Kahambu kwa jina lake.

Ni mimi binti yako,
Nabintu