Fundo la Mjomba

Nyumba za Wafanyakazi,
Bustani ya Utafiti wa Mimea,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kaka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Lile goti linaendeleaje? Wifi aliniambia unapanda ngazi huku unalaani kila kidato. Sisi huku tunapumua, na wiki hii kupumua si jambo dogo. Mama anakula kidogo, analala kidogo, analia sana.

Ulishasikia kwamba mjomba amefariki. Mkazamjomba alikupigia, akakwambia ni majambazi. Ni kweli, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili nakuandikia, kwa sababu simu yako hupokelewa na kila mtu nyumbani kwako, na kwa sababu kwenye simu ningepiga kelele.

Unamkumbuka Bi Mkubwa, ule mtapo ulioucheka ulipokuja, ukasema ni mnazi uliokataa kukua. Kaka, hatujui kama kuna jike jingine la aina yake duniani. Mitapo ina dume na jike, kila mmoja na shina lake, na madume tunayo safu nzima. Profesa anasema mimea hii ilikuwepo kabla dunia haijaona ua, na utafiti wake wote ni kujua imezaana vipi muda wote huo. Jibu lake ni fukusi, vijidudu kama wale wa kwenye mahindi. Alasiri koni ya dume, lile tunda refu la magamba, hupata joto kama paji la mtoto mwenye homa na kutoa harufu kali. Fukusi hutimka na chavua mwilini kwenda kutafuta jike. Mwaka huu Bi Mkubwa naye alitoa koni, mara ya kwanza tangu aletwe, na fukusi wakamfikia. Tulikuwa tunasubiri mbegu kama watu wanaosubiri mjukuu.

Sasa sikia tunavyofanya kazi. Saa ya joto ikifika, wote tunakwenda kwa madume na vipimajoto, upande wa pili wa kilima, tunasimama kimya. Mbwa tunawafungia wasifukuze wadudu. Geti la nyuma, kwa Bi Mkubwa, hubaki mjomba peke yake na rungu lake. Mtu wa nje hajui hayo. Wezi walikuja saa hiyohiyo, mchana kweupe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Walimwangusha mjomba kimyakimya, wakachimba kwa nafasi. Alipozinduka akapiga ukelele, nami nikawatangulia wenzangu mbio na panga langu la kufyekea. Walikuwa watatu, nyuso wamezifunga vitambaa. Mmoja alikuwa kwenye usukani. Wa pili alimrudia mjomba, akawa anampiga kichwani kwa mpini wa sururu, mzee wa watu yuko chini na bado anampiga. Wa tatu alipiga magoti kwa Bi Mkubwa, mkono wa kulia umekumbatia shina. Sikumuuliza jina. Nilishusha panga kwenye mkono ule kwa nguvu zangu zote, kaka, wala sikulishusha mara moja. Vidole viwili vilibaki kwenye udongo. Yule wa sururu akanigeukia, akanivunja mbavu, nikaanguka kwenye damu ya mjomba, nikawatazama wakimpakia Bi Mkubwa garini.

Hapo ndipo nikaona majani. Mwizi mwingine angeyafyeka tu. Haya yalikuwa yameinuliwa juu na kufungwa kamba kwa lile fundo la mjomba, mizunguko miwili na kitanzi ubavuni, alilokuwa akifundisha vibarua ili jani lisivunjike. Unajua nani alifanya kibarua hapa msimu uliopita, mjomba akamsifu kuliko wote kwa fundo hilo. Kitindamimba wetu alilifunga vizuri, bila haraka, na aliyemfundisha amelala pale pale amepasuliwa kichwa.

Mjomba alizinduka kidogo hospitali. Akasema, "Fundo halikulegea. Mtoto amelikumbuka." Kisha akasema, "Dada asijue," yaani mama. Hakufika asubuhi.

Nina hasira, kaka. Kuna wakati natamani ningelenga shingo. Kuna wakati naosha panga lililokwisha kuoshwa, nalilia vile vidole, maana mimi ndiye niliyekuwa nikivikata kucha alipokuwa mdogo. Polisi waliondoka navyo kwenye mfuko wa nailoni. Jina nimewapa mimi.

Juzi binamu aliniambia kwamba kitindamimba amemwomba anwani yako mpya. Nilijua. Huko kwako mpakani ndiko waliko wanunuzi wa mitapo, na wewe ndiye uliyemfichia kila kosa tangu utoto, ukitwambia damu nzito kuliko maji. Na damu ya mjomba je, hiyo ndiyo maji?

Akija atasema ameanguka na pikipiki. Mkono atauficha mfukoni. Usimkumbatie mpaka autoe. Kioshe kidonda, mpe chakula, mpe kitanda. Kati yao yeye ndiye ajuaye kutunza mtapo, kwa hiyo atakuwa na mzigo ndani ya blanketi, ataomba auweke uani kwako siku chache. Huyo ni Bi Mkubwa. Usimwagilie maji, kidonda cha mtapo hukaushwa kwanza, na koni usiiguse, huenda ina mbegu. Profesa anasema anaweza kukaa miezi nje ya udongo akaishi, lakini akiuzwa ndio mwisho wa aina yake. Mdogo wetu akishalala, funga mlango kwa nje, uwaite polisi.

Nisalimie wifi, mapacha, na yule fundi cherehani jirani yako mwenye maneno mengi. Mkazamjomba anashukuru kwa rambirambi. Mungu akupe moyo mgumu kwa siku moja tu, kisha akurudishie huo wako laini.

Mama ananiuliza kila asubuhi mbona kitindamimba hakuja kumzika mjomba wake. Namjibu kwamba yuko njiani. Njia hiyo, kaka, inaishia mlangoni kwako.

Dada yako akupendaye hata ukinikasirikia,
Mimi wa katikati.