Lavalava Yako Nyekundu

Mama Masina,

Majimbi yako jikoni, yatazame yasiungue. Kuku wameshakula. Lavalava yako nyekundu ya kujifunga kiunoni usiitafute kambani, nimeondoka nayo.

Serikali ilisema leo kila nyumba yenye mtu ambaye hajachanjwa itundike kitambaa chekundu mbele, wauguzi wasimame. Wewe na Masina mlishachanjwa. Mimi nimekuwa nikisema "kesho" mwezi mzima. Nimesoma karatasi zote za chanjo, nikapiga mistari kwa kalamu, na hofu ikabaki palepale.

Mlipokuwa bado mmelala, gari likasimama. Muuguzi akainyooshea kidole lavalava yako pale kambani mbele ya nyumba.

"Mzee, asante kwa kutuita. Nani bado?"

Nilitaka kusema hiyo ni nguo tu imeanikwa. Nikajisikia nikisema, "Mimi."

"Unaogopa?"

"Sana, binti yangu."

"Basi nihesabie wale kuku."

Nilipofika kuku wa nne akasema, "Tayari." Nilicheka mpaka mbwa akabweka.

~~Usimwambie Masina kuwa nilifumba macho.~~ Mwambie tu.

Sasa naenda hapo nyumba ya pili kwa dada Fa'alua, naye anaogopa kama mimi. Akikubali, nitaitundika lavalava mbele kwake, nikae naye mpaka wauguzi wafike. Kuku anao wengi.

Ila nikuulize. Nilipoianua ilikuwa peke yake kambani, kavu, haina hata harufu ya sabuni. Uliifua kweli?

Baba Masina
(Bega la kushoto msiliguse!)