Sehemu Thelathini na Nne za Joto

Singisi, Meru
12 Agosti 1956

Kwa mdogo wangu Philemoni,

Nakutangazia wewe, na kupitia wewe mji wote wa Nairobi, kwamba kiti cha katibu wa chama chetu cha kahawa, kile kilichoegemezwa ukutani miaka mitatu, tangu Jumanne kimepata mguu wa nne. Seremala aliitwa mbio. Kikao kizima kilisimama kukitazama.

Hujambo? Sisi hatujambo. Mama anasumbuliwa na goti, migomba inazaa, binti yetu Tabitha ana miezi minne na amenenepa.

Sababu ya mguu ni barua yako. Katibu Yoeli alitaka akae sawasawa akiisoma. Alikuuliza, bila kunijulisha mimi ninayeiendesha, injini ya kumenyea kahawa inapaswa kunywa petroli kiasi gani. Nawe, bila kunijulisha mimi niliyekubebea sanduku kichwani hadi stesheni ulipokwenda chuo, ukajibu. Ukaandika kwamba hewa ikishindiliwa mara sita ndani ya silinda, basi katika kila sehemu mia za joto la petroli, hamsini na moja zinageuka kazi. Ukapiga hesabu ya magunia tuliyomenya, ukaona kazi ya sehemu kumi na saba tu. Ukamalizia kwa ule mwandiko wako mzuri: "Sehemu thelathini na nne hazijulikani zilipo."

Yoeli anajua zilipo. Alisema, "Kumi na saba ni theluthi ya hamsini na moja. Katika kila madebe matatu, moja linaingia kwenye injini, mawili yanaondoka na Gidion." Watu wakaguna. Mmoja akauliza kama kweli imeandikwa hivyo. Yoeli akageuza karatasi ili waone michoro. Hapo nikawa mwizi.

Wameninyang'anya injini. Wazee wa kanisa nao wamenitenga na Meza ya Bwana mpaka niungame mbele ya usharika, na mtoto wa mtu aliyetengwa habatizwi. Ubatizo ni Jumapili tarehe 30 Septemba. Waandikie kwamba umekosea.

Kaka yako,
Gidion


Nairobi
27 Agosti 1956

Kaka Gidion,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti la mama lina nafuu. Mimi ni mzima, ila hapa chuoni ni maharage asubuhi na jioni.

Kaka, sikusema umeiba. Sikutaja jina la mtu. Nilipeleka hesabu, na hesabu haina ndugu. Mzunguko wa injini una hatua nne: hewa inashindiliwa, inapata moto, inatanuka na kusukuma pistoni, kisha joto lililobaki linatolewa nje. Hilo la kutolewa nimekwisha kulitoa, ndizo zile sehemu arobaini na tisa. Wala usiniambie habari za hewa nyembamba ya mlimani. Kinachoamua ni hewa imeshindiliwa mara ngapi, iwe Meru au Tanga.

Nikiandika kwamba nimekosea nitakuwa nimesema uongo. Labda plagi ni chafu. Labda kuna mwingine mwenye ufunguo wa banda.

Nisalimie shemeji Eunike.

Mdogo wako,
Philemoni


Singisi
8 Septemba 1956

Philemoni,

Salamu zako zimefika. Goti la mama halina nafuu, maana kila siku analipigia sakafuni akiniombea niache wizi.

Sasa sikiliza, mwana wa mama yangu. Nilishuka mjini kwa miguu nikamwendea Amarjit, yule Singasinga fundi wa magari aliyenifundisha kufungua kabureta wakati wewe hujajua kufunga vifungo vya shati. Nikamsomea barua yako. Akaweka spana chini.

"Injini ya ndugu yako inatoa moshi?"

"Hakuandika moshi."

"Ukuta wa silinda unapata moto?"

"Hakuandika."

"Pistoni inasugua?"

"Wapi!"

"Na petroli inachukua muda gani kuwaka?"

"Papo hapo. Pistoni inasimama kuingoja."

"Bwana Gidion, hiyo injini ya malaika. Ukiipata niletee, mimi nafunga gereji. Zangu hizi, ikifika ishirini nashukuru Mungu."

Unatafuta joto lako? Njoo nikuonyeshe. Pipa la kupozea injini lilikuwa linachemka kila siku, na Eunike alikuwa akichota maji yale kumwogeshea Tabitha. Mtoto wa kaka yako ameoga sehemu zako thelathini na nne! Nyingine zilitoka na moshi. Ukishika lile bomba unaacha ngozi. Nyingine zilikuwa kwenye mkanda, ndiyo maana ulinuka. Miaka sita nimeisikiliza injini ile ikikohoa. Wewe hujaiwasha hata mara moja, halafu unakuja na kalamu kutuambia nani anaiibia!

Yoeli amempa injini binamu yake Thomasi, pamoja na debe moja pale nilipokuwa napewa matatu, kwa amri ya hesabu yako. Ilizima Jumatano kabla ya saa sita mchana. Yoeli anasema niliiharibu kwa makusudi. Kahawa mbivu imelala chini inanuka kama pombe.

Zimebaki wiki tatu. Karatasi moja inatosha. Usipoandika, usiniite kaka.

Gidion


Nairobi
21 Oktoba 1956

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena. Mama hajambo? Shemeji? Tabitha?

Barua yako niliifungia sandukuni kwa hasira. Nilisema, mtu wa spana atanifundisha nini.

Alhamisi mwalimu alileta injini mpya, iliyotolewa kwenye kasha siku hiyo hiyo. Tukafunga breki kwenye gurudumu ili tupime kazi yake, tukapima petroli kwa glasi. Nilimaliza hesabu wa kwanza. Ikatoka kumi na tisa. Nikasema, "Mwalimu, kuna mtu anaiba petroli humu." Walicheka sana, na sasa jina langu hapa ni Askari.

Mwalimu alinifungulia kitabu changu mwenyewe. Juu ya ule ukurasa imeandikwa: tuchukulie kwamba kuta hazipitishi joto, kwamba hakuna msuguano, kwamba moto huwaka papo hapo. Mimi niliyaruka maneno nikaenda kwenye hesabu, kwa kuwa mtihani huuliza hesabu. Ile hamsini na moja ni dari, kaka, injini haiigusi. Na kumi na saba kwa injini kuukuu kama ile, mwalimu anasema, imetunzwa na mtu anayejua kazi.

Nimemwandikia Yoeli na wazee wa kanisa kwamba hukuiba hata tone, na kwamba mjinga ni mimi. Nisamehe. Niambie kama wamekurudishia injini.

Mdogo wako mkosaji,
Philemoni


Singisi
4 Novemba 1956

Philemoni,

Hatujambo. Tabitha ana jino.

Barua zako zimesomwa, chamani na kanisani. Umeandika vizuri, kila mtu ameelewa, na hilo ndilo balaa.

Tarehe 30 Septemba, ukiwa kimya huko, nilisimama mbele ya usharika nikaungama kwamba nimeiba petroli, madebe mawili katika kila matatu. Walipouliza nilimuuzia nani, nikasema niliimwaga. Mama alilia kwa furaha. Tabitha akabatizwa. Nikapeana mkono na Yoeli, nikarudishwa Mezani.

Sasa wewe umethibitisha kwamba sikuiba. Wazee waliniita. "Gidion, uliiba au hukuiba?"

"Sikuiba."

"Basi ulisema uongo madhabahuni."

Hesabu yao haikuwa na kosa. Nimetengwa tena, mpaka Pasaka, kwa uongo. Yoeli hakuguswa. Yeye, wanasema, alisoma barua tu.

Usiniombe radhi tena. Kila ukishika kalamu, mimi nasimamishwa mbele ya watu.

Umeuliza habari ya injini. Iliuzwa Jumanne. Tunamenya kwa mkono.

Gidion